Una ADHD na ukoo unakuona mzembe: anzia hapa

Pole sana, mdogo wangu. Umeandika kwamba tangu daktari akuambie una ADHD, yaani hali inayofanya iwe vigumu kutulia, kuzingatia na kukumbuka mambo, nyumbani Moshi wanasema ni kisingizio: umesahau mchango wa harusi ya binamu yako, umechelewa kikao cha ukoo, na Desemba hii unaogopa hata kupanda kijijini Kibosho. Nakuelewa, nami ninaishi nayo.

Huo si uvivu. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, na mara nyingi hurithiwa. Ila usianze kuueleza ukoo mzima. Mtafute mtu mmoja anayesikilizwa, shangazi au mjomba, umwambie faraghani: "Nikiambiwa kwa mdomo tu, jambo linanipotea. Nitumie ujumbe." Jina la ugonjwa linaweza kusubiri.

Ukipokea kadi ya mchango, tuma hata elfu tano kwa simu papo hapo, kabla hujaiweka mezani. Kikao kikiwa saa nne, weka kengele mbili: ya kwenda kuoga na ya kutoka mlangoni. Hiyo ya pili ndiyo inayonisaidia zaidi. Na ruksa kusema, "Mwaka huu kamati siiwezi, nitachangia." Watanuna, kisha watazoea.

Dawa za ADHD usiazime kwa mtu. Baadhi hupandisha presha na mapigo ya moyo. Rudi kwa daktari wako, au omba rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, hapo Moshi, kwa daktari wa afya ya akili. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje Krismasi ipite: nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu unayemwamini.