Mwacheni mtoto ajibu: kwa wanaoanza kupima ubora wa maisha ya watoto wenye miwani

Wadogo zangu, wiki hii nimekaa nyuma ya darasa nikiwaangalia mkikusanya data, nikarudi nyumbani kichwa kinagonga. Mnajituma, watoto wanawapenda, vishikwambi vina chaji tangu asubuhi. Lakini makosa ya kundi lililowatangulia mnayarudia moja baada ya jingine, kama mliyarithi pamoja na mabegi yao. Nayaandika kabla hatujaingia shule inayofuata.

1. Dodoso lifuate swali la utafiti. PedsQL, dodoso la ubora wa maisha ya watoto kwa jumla, ni nzuri: maswali 23, nyanja nne, alama 0 hadi 100, na za juu ndizo afadhali. Ila haiulizi chochote kuhusu macho. Mtoto asiyeona ubao anaweza kukimbia, kuoga mwenyewe na kubeba mzigo bila shida, akapata alama za juu kabla hajagusa miwani. Ukishampa miwani, alama hazina pa kupandia, nawe utaandika kwamba miwani haikumsaidia. Wekeni na kipimo cha macho chenyewe. PedEyeQ ina toleo la miaka 5 hadi 11 na la 12 hadi 17, na humuuliza mtoto anavyoona, anavyokerwa na macho yake, anavyoishi na wenzake na yanayomtia wasiwasi.

2. Mtoto ajibu mwenyewe. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Jumanne mmoja wenu alimweka binti wa darasa la tatu kwenye dawati, mama yake pembeni. Swali la kwanza kuhusu wenzake likasomwa vizuri kabisa, kwa sauti ya upole. Mama akadakia: "Huyu hana shida, wenzake wanampenda sana." Kidole cha mdodosaji kikabonyeza "kamwe", yaani shida hiyo haipo kamwe. Likaja la pili, mama tena. Binti alikuwa anatazama sakafu. Yalipokwisha alivua miwani, akaiviringisha kwenye leso, akaitia mfukoni, akatoka. Nilimfuata hadi bombani. Akaniambia, bila hata kuulizwa mara mbili, kwamba anaivaa mwalimu anapoandika ubaoni na kuivua kabla ya kengele, kwa sababu uwanjani wanamwita "macho manne". Maneno hayo ndiyo yanayotafutwa na nyanja ya kijamii ya dodoso letu! Kwenye kishikwambi, nyanja hiyo ilisomeka 100.

Simlaumu mama. Anampenda mwanawe, na mbele ya wageni wenye vitambulisho shingoni nani angetaka mtoto aonekane ananyanyaswa? Anayelijua dodoso ni wewe. Niliwahi kuitwa kusafisha data ya mradi ambao wadodosaji wake walifanya hivyohivyo. Safu ya mzazi na safu ya mtoto zilifanana swali kwa swali, kaya baada ya kaya. Mzazi na mtoto hawafanani hivyo kamwe, hasa kwenye hofu, huzuni na mambo ya marafiki, ambayo mtoto huyabeba bila mzazi kujua. Hatukuwa na namna ya kujua nani alijibu nini. Safu ya watoto ikatupwa yote. Watoto wale walikuwa wametoa mapumziko yao, uji wao ukapoa, na hakuna jibu lao hata moja lililoingia kwenye ripoti. Nilihuzunika siku ile, na Jumanne nilihuzunika upya.

Basi: mzazi apewe dodoso lake, akae mnapomwona lakini asikosikia. Mwalimu wa zamu vivyo hivyo, tena yeye zaidi, maana mtoto wa Kitanzania akiona mwalimu hujibu kama yuko kwenye mtihani.

3. Dodoso la awali lifanyike kabla mtoto hajajaribu fremu. PedsQL ya kawaida inauliza mwezi mmoja uliopita, kwa hiyo ukirudi wiki ya pili baada ya kugawa miwani, nusu ya mwezi anaoukumbuka mtoto hakuwa na miwani.

4. Msitangaze siku ya kurudi. Mwalimu mkuu mmoja, mtu mwema sana, alitupangia paredi ya watoto wote wamevaa miwani inang'aa, mingine bado na kikaratasi cha bei. Utafiti wa shule za sekondari Dar es Salaam uliochapishwa 2008 uliangalia baada ya miezi 3: waliopewa miwani bure, asilimia 47 ndio waliokuwa wameivaa au wanayo shuleni, waliopewa cheti tu wakanunue wenyewe, asilimia 26. Andikeni kwanza kama ipo usoni, kwenye begi, nyumbani au imevunjika. Bila hilo, alama unazosema ni za miwani huenda ni za begi.

5. Kwenye PedsQL, wa miaka 5 hadi 7 wanajibu kwa kuonyesha picha moja kati ya nyuso tatu. Msiwape ngazi tano za majibu za wakubwa wao. Nyanja ikikosa zaidi ya nusu ya majibu, haihesabiwi. Msiulize "huna shida, eti?" Na mtoto asikae akitazama uwanja wa mpira.

6. Ripotini kila nyanja peke yake. Utafiti wa ACHIEVE wa Marekani uliwafuatilia watoto 484 wa miaka 8 hadi 11 kwa miaka 3, wengine kwa miwani, wengine kwa lenzi za kuweka jichoni. Kujithamini kwa jumla hakukutofautiana. Waliovaa lenzi walijiona afadhali katika sura, michezo na kukubalika na wenzao. Aliyetazama alama ya jumla peke yake asingeyaona hayo.

7. Jumatatu tunaanza saa moja na nusu. Njooni na bisibisi ndogo, kwa sababu mikono ya miwani inalegea. Madodoso ya Jumanne yaliyojibiwa na wazazi nimeyatenga. Kila mmoja atarudi kwa watoto wake, akianza kwa kuwaomba ridhaa upya, na yule binti wa darasa la tatu asiitwe wakati wa mapumziko.