Sikuwa naringa, nilikuwa napiga hesabu

Jumamosi iliyopita kikoba chetu hapa Pasua, Moshi, kilinichagua kuwa mweka hazina. Kura 17 kati ya 19. Nayataja haya bila kuona aibu, maana miaka mitatu iliyopita kikundi kingine, mtaa wa jirani tu, kiliniacha kwa tabia ileile iliyowafanya hawa wanitake.

Kule ilikuwa siku ya kuvunja kikoba, Desemba, kila mtu anawaza safari ya kupanda Kibosho au Rombo na mzigo wa sikukuu. Mimi nilikuwa nimemaliza vikao vitatu bila kufungua mdomo, nafuatilia daftari. Riba ya mkopo mmoja ilikuwa imeingizwa mara mbili, kwa hiyo mgao wa kila hisa ulizidi fedha zilizokuwemo sandukuni. Nikasimama: "Hesabu si sahihi. Mkigawana hivi, wa mwisho watakosa." Nikakaa. Mweka hazina wao, mama wa watu asiyewahi kugusa senti ya mtu, akalia mbele ya wenzake. Wakarudia hesabu, wakakuta nilichosema ndicho. Hakuna aliyeniambia asante. Januari nikaambiwa nafasi zimejaa. Mjuaji, anajisikia, ana maringo: nilisikia yote, na bado yananiuma.

Mama mkubwa ndiye aliyenikata kauli. "Mwanangu, ulisema kweli. Lakini ulikaa nayo peke yako wiki tatu, ukaja kuwasomea hukumu." Nilimnunia karibu mwezi mzima.

Baadaye nikakutana na herufi nne: INTJ. Ni mojawapo ya makundi 16 ya haiba katika mtihani wa maswali uitwao MBTI, uliotungwa na Wamarekani wawili, Katharine Cook Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, kutokana na mawazo ambayo Carl Jung aliyachapisha mwaka 1921. Mtu wa kundi hili hupata nguvu akiwa peke yake, huona mpangilio wa jambo kabla ya vipande vyake, huamua kwa hoja, na hapendi jambo libaki linaning'inia. Kwa Marekani wanakadiriwa kuwa kama 2 katika kila watu 100, na wanawake ni wachache zaidi. Wanasaikolojia wengi hawauamini sana mtihani huo, kwani mtu akiurudia baada ya wiki chache anaweza kuangukia kundi lingine. Sawa. Mimi sikuuchukua kama cheti cha daktari. Ulinipa maneno ya kujieleza, na nilikuwa nimeyakosa tangu nikiwa msichana niliyekaa kimya jikoni kwenye misiba huku shangazi zangu wakiuliza nani kamuudhi.

Wewe unayefanana nami, najua unataka kazi yako iheshimiwe. Basi sema mapema. Usisubiri mpaka uwe na uhakika wote, sema ukiwa bado na swali. Mwezi wa tatu niliona faini hazilingani katika kikundi hiki cha sasa. Sikungoja kikao. Nilimfuata katibu kwake jioni, tukanywa chai, nikamwambia, "Dada, hebu tuuangalie ukurasa huu pamoja." Kosa alilipata yeye mwenyewe, na Jumamosi ndiye aliyelipendekeza jina langu. Ukihitaji kufikiri, pia sema: "Naomba nikalale nalo, nitakujibu kesho." Watu wa kwetu hawachukii ukimya, wanachukia kuachwa nje ya mlango.

Nanyi wenye mtoto wa namna hii, acheni kumwita mwenye kiburi mbele ya wageni. Mwulize anawaza nini, kisha mpe muda. Atajibu.

Yule mama aliyelia huwa nakutana naye soko la Mbuyuni. Tunasalimiana, anauliza watoto, kila mtu anashika njia yake. Sijawahi kumwomba radhi, nikijiambia kwamba hesabu ilikuwa upande wangu. Jumatano ni siku yangu ya sokoni.