Bosi akikusema mbele ya watu, na maswali mengine ya kazi za teknolojia

Wiki hii meseji zimekuwa nyingi na karibu zote ni za kitu kilekile, kazi kwenye kampuni za teknolojia, mabosi, vikao, tathmini, hisa. Hizi kazi nimezifanya miaka mingi, kwanza naandika programu mwenyewe, baadaye nikapewa timu niiongoze, kwahiyo najibu kama mtu aliyewahi kutumwa na aliyewahi kutuma. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaondoa, na jibu langu linafuata chini ya kila swali.

Shikamoo dada. Wiki iliyopita nilikosea amri moja kwenye seva, ile kompyuta inayoendesha huduma yetu, huduma ikakatika dakika arobaini. Meneja akanisema kwenye kikao mbele ya timu nzima. Tangu siku hiyo nikitaka kugusa kitu mkono unatetemeka. Niache kazi?

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Barua ya kuacha kazi usiandike wiki hii, acha moyo utulie kwanza.

Nikupe kisa ambacho watu wengi wa kazi hii wanakijua. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, injinia mmoja wa GitLab, kampuni ambayo waandishi wa programu wanahifadhi kazi zao kwake, alikuwa anahangaika na databesi iliyokuwa inasuasua, amechoka, akafuta folda akidhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye seva kuu yenyewe. Alishtuka baada ya sekunde moja mbili akasimamisha, lakini kwenye giga kama 300 za data zilikuwa zimebaki kama 4.5 tu. Wakakimbilia nakala za akiba, hii haifanyi kazi, ile nayo haifanyi kazi, kumbe hata imeili za kuonya kwamba nakala zimefeli zilikuwa zinakataliwa njiani kwahiyo hakuna aliyewahi kuziona. Kilichowaokoa ni nakala ambayo injinia huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono kama masaa sita kabla. Sasa angalia kampuni ilifanya nini: kazi ya kurejesha data ikarushwa mubashara YouTube watu wanaangalia, ikaandikwa ripoti ya wazi inayoeleza kila hatua, na yule injinia hakufukuzwa. Ripoti haikukazania nani kafuta, ilikazania kwa nini nakala za akiba zilikuwa zimekufa na hakuna mwenye habari.

Kuna mtafiti wa Harvard anaitwa Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitegemea kwamba timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache. Namba zikaja kinyume, timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi! Akaja kugundua kwamba si kwamba walikosea zaidi, ni kwamba walikuwa wanasema, wale wengine walikuwa wanaficha. Mimi tangu nilijue hilo, timu ikiniambia haina matatizo yoyote ndio naanza kuwa na wasiwasi.

Na nikuambie jambo ambalo linaniuma mpaka leo, mimi mwenyewe nimewahi kuwa huyo meneja wako. Mwaka wangu wa kwanza kuongoza timu, kijana mmoja alirusha toleo jipya la programu lenye kasoro, wateja wakashindwa kulipa karibu saa nzima, mimi nikamuuliza mbele ya wenzake kumi na mmoja kama huwa anasoma anachoandika. Hakujibu. Alikuwa anabandua stika kwenye laptopu yake kwa ukucha, taratibu, kipande kwa kipande, macho hajanyanyua mpaka kikao kimeisha. Baada ya hapo timu ikawa shwari kabisa, hakuna anayeleta shida, nami nikafurahi, mpaka mteja akaniandikia kuhusu kasoro ambayo watu wawili wa timu yangu walikuwa wanaijua siku tisa nzima. Siku tisa. Walikuwa wananiogopa. Nilimwomba yule kijana msamaha kwenye kikao kilekile, mbele ya watu walewale, maana nilikomkosea ndiko nilikopaswa kumwomba radhi.

Wewe fanya hivi: andika ukurasa mmoja, nini kilitokea saa ngapi, kipi kilifanya amri moja iweze kuzima huduma nzima, na nini kiwekwe isiwezekane tena. Halafu mwombe meneja muongee wawili umwambie, kosa nimelikubali ila kusemwa mbele ya watu kumenitia woga na naogopa kugusa seva, naomba mambo kama haya unite pembeni. Akikusikiliza, huyo mtu unaweza kufanya naye kazi. Akikucheka, basi sasa anza kutafuta pengine, lakini kwa utulivu na si kwa hasira.

Injinia bora wa timu yetu kapandishwa kuwa meneja. Sasa usiku anafungua kazi zetu anaziandika upya, asubuhi tunakuta kila kitu kimebadilika. Ni mtu mzuri hana roho mbaya. Tumwambieje?

Huyu namhurumia kama ninavyowahurumia nyinyi. Kapewa kazi mpya bila kufundishwa, na ile ya zamani ndiyo pekee inayompa raha, kwahiyo anairudia usiku.

Google mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwahi kujaribu kuondoa mameneja wa mainjinia kabisa, haikuchukua muda wakawarudisha, watu walikuwa wanampelekea Larry Page, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, hadi maombi ya kurudishiwa pesa za matumizi na ugomvi wao mdogomdogo. Baadaye kuanzia 2008 wakafanya utafiti wao wa ndani walioupa jina Project Oxygen, wakachambua tathmini na maoni ya wafanyakazi kujua meneja mzuri anafanya nini hasa. Zikatoka tabia nane. Ya kwanza kabisa ni kulea watu, kuwaelekeza wakue. Ufundi wa kazi yenyewe upo pia, lakini ni wa nane, wa mwisho! Na hiyo ni kampuni iliyojaa mainjinia wanaoamini ufundi ndio kila kitu.

Mwambieni kwa mfano mmoja mahususi, sio kwa jumla. "Jumatano ulibadilisha sehemu ya malipo niliyoandika mimi, leo mteja kauliza nimeshindwa kumjibu kwa sababu siielewi tena. Ukiona tatizo niandikie maoni, nitarekebisha mwenyewe, na mimi nitajifunza." Mtu mzuri hiyo itamgusa. Na kama kampuni yenu haina njia ya injinia kupanda cheo na mshahara bila kuwa meneja, ombeni iwekwe, kampuni nyingi kubwa zinayo. Bila hiyo mtaendelea kupoteza mainjinia wazuri na kupata mameneja wasio na furaha.

Kampuni inasema sisi ni familia. Ni ishara mbaya?

Neno lenyewe halina shida. Angalia siku mtu anapougua au mauzo yanaposhuka, hapo utajua wanamaanisha nini. Familia haimwachishi mtu kazi kwa imeili ya saa kumi na moja alfajiri.

Kila mwaka meneja analazimishwa kutaja asilimia kumi ya timu kuwa ndio dhaifu, hata kama wote tumefanya vizuri. Mwaka huu nimetajwa mimi. Nimechanganyikiwa.

Pole ndugu yangu, una haki ya kuchanganyikiwa. Mfumo huo ulipata umaarufu kupitia Jack Welch alipokuwa anaongoza General Electric, kampuni kubwa ya Marekani, asilimia 20 ya juu wanapewa zawadi, 70 wa katikati wanabaki, 10 wa chini wanaondoka. Microsoft nao walikuwa na mfumo wa kupanga watu hivyo kwa miaka mingi, mwezi Novemba 2013 wakautupa. Waliofanya kazi pale wamesimulia jinsi watu wazuri walivyokuwa wanakwepa kukaa timu moja na wazuri wenzao, maana ukikaa na mabingwa lazima mmoja wenu atakuwa wa mwisho. Yaani kampuni inawalipa watu washirikiane halafu inawapa sababu ya kuombeana mabaya.

Kwahiyo kutajwa kwako hakuna maana kwamba hujui kazi, mtu mmoja alikuwa lazima atajwe. Omba kwa maandishi: vigezo vilikuwa vipi, mimi nilipungua wapi, na miezi sita ijayo nionyeshe nini. Majibu yakiwa na mambo ya kushika, yafanyie kazi. Yakiwa ni maneno kama "onekana zaidi", hapo fahamu kwamba hata meneja wako hana cha kukuambia, na CV yako ifungue leo.

Nina vikao saba kwa siku, kazi yenyewe nafanya usiku.

Kila mwaliko jibu kwa swali moja, "mnahitaji niamue nini?" Ukikosa jibu, omba utumiwe muhtasari. Na meneja wako mwonyeshe kalenda ya wiki moja iliyopita ilivyo, usilalamike, mwonyeshe tu halafu muulize kipi kitoke.

Natakiwa kuwa hewani usiku na wikendi, simu ikilia niamke. Nimeanza kuichukia kazi niliyoipenda, hata programu ikifanya kazi sisikii furaha.

Hili naomba ulichukulie kwa uzito dada. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza hali ya mtu kuchoshwa na kazi kupita kiasi lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimoyo, na kuona huna tena unachofanikisha. Soma tena ulichoniandikia, zipo. Na mwaka 2021 shirika hilohilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki hatari yake ya kupata kiharusi inapanda kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa masaa 35 mpaka 40. Kwahiyo hapa tunazungumza kuhusu mwili wako.

Seva lazima iwe na wa kuiangalia usiku, hilo halina ubishi, lakini ni zamu, na zamu ina mwanzo na mwisho, ina watu wa kupokezana, ina malipo au siku ya kupumzika. Ukiwa peke yako kila usiku hiyo si zamu tena. Wiki mbili zijazo andika kila simu iliyokuamsha, saa ngapi, tatizo lilikuwa nini, lilihitaji kweli mtu aamke au lingesubiri asubuhi. Nimefanya zoezi hili na timu mbili, na zote mbili simu nyingi zilikuwa za kengele moja ya onyo ya mitambo iliyowekwa vibaya ambayo hakuna aliyepata muda wa kuirekebisha kwa sababu kila mtu alikuwa na usingizi. Pia angalia sheria ya kazi ya nchi yako, Ufaransa tangu 2017 kampuni za wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kuelewana nao kuhusu haki ya kuzima simu baada ya kazi, Australia nao wakaanza na yao 2024. Na daktari, tafadhali mwone.

Nikienda HR, idara ya wafanyakazi, kulalamika kuhusu bosi anayenisumbua, wako upande wangu au wa kampuni?

Wameajiriwa na kampuni. Wengi wana utu na watakusaidia, ila nenda ukiwa umejiandaa. Februari 2017 Susan Fowler, aliyewahi kuwa injinia wa Uber, aliandika alivyopeleka HR ya Uber malalamiko ya kusumbuliwa kingono na meneja wake pamoja na skrinishoti, yaani picha za meseji zenyewe, akaambiwa ni kosa la kwanza la yule bwana, baadaye akakutana na wanawake wengine waliokuwa wamemlalamikia mtu yuleyule. Uchunguzi ukafanyika, zaidi ya wafanyakazi 20 wakafukuzwa, na mwezi Juni mwaka huohuo Travis Kalanick, mkurugenzi mtendaji wa Uber, akaachia cheo hicho. Somo hapo ni zile skrinishoti na yale maandishi. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo, tunza mahali pako na si kwenye laptopu ya kazi, ila nyaraka za siri za kampuni usiziguse. Na jaribu kujua kama uko peke yako, mara nyingi hauko.

Wananipa mshahara mdogo ila hisa nyingi. Nikubali?

Uliza mambo matatu. Zinaiva lini, yaani zinakuwa haki yako kamili lini, kawaida ni miaka minne na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza hupati kitu. Kampuni ina hisa ngapi jumla, maana elfu kumi bila kujua kati ya ngapi ni namba tu. Na kama unachopewa ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, nikiondoka nina siku ngapi za kuzinunua, kampuni nyingi zinatoa siku 90 halafu zinapotea. Kama mshahara peke yake hauwezi kukuendesha, usikubali.

Nina usaili wiki ijayo. Nitajuaje utamaduni wao kabla sijaingia? Kila kampuni inasema yake ni nzuri.

Usiulize "utamaduni wenu ukoje", utasomewa tangazo. Uliza hivi: mara ya mwisho huduma ilipokatika ilikuwaje, na aliyesababisha yuko wapi sasa? Halafu nyamaza, angalia nyuso. Nimewahi kuuliza hivyo, mmoja wa waliokuwa wananisaili akainua mkono akasema ni mimi, wenzake wakacheka, akaanza kunichorea ubaoni ilivyotokea. Nikakubali ofa yao siku ileile. Sehemu nyingine nilipouliza walitazamana, wa kulia akasema huwa hatuna matatizo ya namna hiyo, akafunga daftari.