Mabafu saba, ndoo moja

Mmetuuliza wiki hii: umewahi kuingia ndani ya jumba la tajiri, ukatoka na fikra gani, na ungepewa ungehamia? Mimi ni fundi bomba hapa Unguja. Majumba hayo nayaingia kuliko wageni wanaoalikwa, ila napitia mlango wa nyuma na kazi yangu huanzia chooni. Jibu langu likinuka kidogo mtanisamehe.

Nitasema habari za jumba moja upande wa Chukwani. Mwenyewe simtaji, wala sisemi geti lake lina rangi gani, maana mji wetu mdogo. Ghorofa mbili, bahari mbele, bustani inamwagiliwa asubuhi na jioni, na marumaru inaanzia pale unapovua viatu. Niliitwa kwa sababu vyumba vya wageni vilikuwa vinanuka. Bi mkubwa wa nyumba alikuwa na yakini kuwa karo limejaa. Alishaita gari la kunyonya, likaja, likanyonya, likalipwa, na harufu ikabaki pale pale. Nilipomwamkia akaitikia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, mwanangu, mie naona haya hata kumkaribisha mtu alale."

Msichana wa kazi akanipandisha juu, tukafungua mlango mmoja baada ya mwengine. Mabafu saba. Katika lile la kwanza mifereji ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na mmoja wao bado una nailoni ya dukani shingoni, haijabanduliwa. Nikaufungua. Ukakohoa, ukatema hewa, ukanyamaza, kisha yakaja maji mekundu ya kutu. Nikapiga magoti nikamulika tundu la sakafuni kwa simu. Kukavu kabisa, na buibui kashajenga.

Hapo nikajua. Chini ya kila tundu la bafu pana kipande cha bomba kilichopinda, na pale penye pindo hubakia maji kidogo siku zote. Maji hayo ndiyo yanayoizuia hewa ya karo isipande ndani. Bafu likitumika, maji yanajibadilisha yenyewe na hakuna anayejua kuwa kitu hicho kipo. Likikaa muda mrefu bila ya mtu kuoga, maji hukauka kwa joto letu hili, na njia ya kutoka karoni mpaka kwenye mto wa kulalia inakuwa wazi. Karo la bi mkubwa halikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni watu wa kuoga.

Nilipomwambia dawa yake ni ndoo moja ya maji, igawanywe kwenye matundu yote kila wiki, alinitazama kama anayefanyiwa mzaha. Tukamimina. Kesho yake akanipigia simu: harufu imekwisha. Alinilipa bila ya kuvutana, na visheti akanifungia. Sasa yule msichana ana kazi mpya ya Ijumaa asubuhi, kuzunguka na ndoo akiyanywesha mabafu.

Watoto wa bi mkubwa wako Muscat na London. Wajukuu huja skuli zikifungwa huko, wakakaa, wakarudi. Nyumba ilijengwa kwa hesabu ya watu ambao siku nyingi hawapo. Mwengine atasema hiyo ni huzuni ya matajiri. Mimi siendi mbali hivyo, kwani bi mkubwa alikuwa mcheshi na mwenye afya zake, na simu haikumtoka mkononi. Nasema tu nilichokiona: nafasi ilikuwa nyingi kuliko wenye kuijaza. Kwetu Jang'ombe bafu ni moja, na alfajiri tunagongeana mlango. Tundu letu halijapata hata nafasi ya kukauka.

Na wakubwa wa zamani je? Kazi yangu imenifanya niyaangalie magofu yetu kwa jicho la bomba. Jumba la Mtoni la Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar wa zamani, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, lilikuwa halijui upweke. Salme mwenyewe, katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anasema walioishi humo walipindukia elfu moja. Anaeleza vyumba vya kuogea vilivyokuwa uwanjani, watu wakiingia mara kadhaa kwa siku na kukaa humo saa nyingi. Walikuwa wakisali humo, wakisoma, wakila, wakilala. Hebu fikirieni foleni hiyo. Fundi wa Mtoni hakuitwa kwa sababu ya tundu kukauka.

Lakini nisiwapambe. Umati ule haukujikusanya kwa mapenzi. Wengi wao walikuwa watumwa, na kila aliyejinyoosha ndani ya maji alikuwa na mtu wa kumshikia nguo. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaja kufutwa kisheria 1897. Kwa hiyo mtu akiniambia matajiri wa kale waliishi na watu, namuuliza: watu gani, na kwa hiari ya nani?

Kitu kimoja hunishangaza kila nikipita Maruhubi. Seyyid Barghash, mtoto wa Seyyid Said aliyekuja kuwa Sultani naye, alijenga jumba la pale 1882 kwa ajili ya masuria wake, na 1899 likateketea kwa moto. Zimebaki nguzo, njia za maji za mawe, mabirika na mahamamu, yaani vyumba vya kuogea. Kidichi ndiyo hivyo hivyo: pale juu kilimani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu mwaka 1850, kuta zake zikapambwa maua na ndege wa plasta, na hamamu ndiyo unayoikuta leo. Moto unakula boriti na makuti, hauli birika. Yale mazulia na vioo vilivyowatoa watu macho vyote vimekwenda, ikabaki kazi ya mafundi wa maji. Naomba nijivunie kidogo kwa niaba yao.

Mke wangu, ambaye ni Mpemba, amesoma mpaka hapa akasema nimewapendelea Waunguja. Basi na magofu ya Pujini, kule Pemba, niyatie humu. Hadithi za huko zinasema Mkama Ndume, mtawala mkali aliyewabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio, alikuwa na wake wawili wasiopatana. Akawagawia kisima kimoja kwa ukuta. Mmoja akiteka kwa kamba na ndoo kutoka juu, mwengine akishuka kwa ngazi, na hawakuonana. Ukweli wake anaujua Mungu, lakini mimi nimeshafunga pampu mbili katika nyumba moja kwa sababu kama hiyo, kwa hiyo siwezi kuikataa.

Sasa raha yenyewe, maana mmeuliza fikra, na wengi watawajibu kwamba pesa hazina maana. Zina maana kubwa. Katika majumba hayo hakuna anayeuliza maji yanatoka saa ngapi. Kisima kimechimbwa kwa mashine uani, matangi yako juu, pampu inajiwasha yenyewe. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza la siku, kabla ya chai. Anayelijibu ni mwanamke au mtoto, naye hawezi kwenda popote mpaka madumu yajae. Umeme ulipokatika Unguja nzima, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pampu za mji zilikaa kimya nazo. Mitaani watu walizunguka na madumu kutafuta visima. Upande wa majumba, jenereta zilinguruma na bustani zikabaki kijani. Tofauti yangu mimi na bi mkubwa iko pale, siyo kwenye mifereji ya dhahabu. Mifereji hiyo, kwa taarifa yenu, huchubuka rangi upesi kwa maji yetu ya chumvi chumvi, na ninayeitwa kuibadilisha ni mimi.

Kuhamia? Ningehamia kesho, nani asiyetaka. Lakini ningehamia na ukoo. Ndugu zangu wa Makunduchi peke yao, wakiteremka na watoto, kila bafu litapata wenyewe na yule msichana ataachana na ndoo yake ya Ijumaa. Ila umeme wa pampu kwa watu wote hao siuwezi. Hapo ningemwomba bi mkubwa aendelee kulipa yeye.