Mzee Mrina Anajibu: nyuki wako wamehama au wamegawanyika?

Mwezi huu karibu maswali yote ni ya nyuki kutoka mzingani na sishangai, mvua imenyesha, miti imechanua, kila mzinga wenye nguvu unataka kuzaa mwingine. Nimechagua manne tu. Ambao barua zenu sijazitoa msinune, soma humu utakuta jibu lako limechomekwa kwa mwenzako.

Swali, Manyoni:
Shikamoo mzee. Mimi kijana nina mizinga miwili ya viunzi (zile fito za mbao za juu ambazo nyuki wananing'iniza masega), nimeanza mwaka jana tu. Ijumaa mida ya saa 5 asubuhi nyuki wa mzinga mmoja walitoka wengi sana wakazunguka juu ka moshi alafu wakaenda kutua kwenye mwembe wa jirani, wakaning'inia pale ka kibuyu. Nikapanda na ndoo nikawakung'uta, nikawapeleka kwenye mzinga mpya ambao nimeupaka rangi mwenyewe, nikautundika mtini nikafurahi kweli. Kesho yake mchana wakaondoka wote. Nimekosea wapi? Na ule mzinga waliotoka umebaki na nyuki wachache, nao ndo wanahama au? Nilitaka niwarudishe kwao lakini sa hivi wa kuwarudisha hawapo tena.

Jibu:
Marahaba kijana, pole. Kwanza tusichanganye vitu viwili maana hapa ndo wageni wengi wa kazi hii wanapotea. Kuna kugawanyika na kuna kuhama. Wanaohama wanafunga nyumba, wanabeba asali tumboni wanaondoka wote na malkia wao, ukifungua unakuta masega matupu. Waliogawanyika wanaacha nyumba ina watu, malkia mzee anaondoka na kama nusu ya vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, huku nyuma kunabaki majana (watoto wa nyuki walio bado kwenye masega), asali kiasi, na malkia wapya bado wako vyumbani wanalelewa. Wako wamegawanyika. Mzinga wako haujafa, umejifungua.

Thibitisha mwenyewe. Jioni jua likishapoa vaa vizuri, puliza moshi kidogo, inua viunzi vya katikati kimoja kimoja utazame pembeni na chini ya sega. Utaona kitu kimening'inia mdomo chini, umbo na ngozi yake kama ganda la karanga. Hicho ni chumba cha malkia. Kikiwa kimezibwa, mtoto yumo. Kikiwa kimefunguka chini kwa duara safi, kifuniko kinaning'inia kama cha kopo, malkia ameshatoka. Kikiwa kimetobolewa ubavuni basi mwenzake aliyewahi kutoka amemmaliza humohumo ndani, ndo maisha yao.

Hesabu zake ni hizi. Malkia anachukua siku 16 toka yai mpaka kutoka, na kundi kwa kawaida linaondoka vile vyumba vikianza kuzibwa, kwa hiyo malkia mwari anatoka kama wiki moja baada ya kundi kuondoka. Anakaa siku kadhaa akomae, anaruka kwenda kukutana na madume angani (dume akimaliza anakufa palepale, usimwonee huruma), anarudi, ndo anaanza kutaga. Jumlisha yote hayo ni wiki 3 hadi 4. Katika muda huo usiufungue fungue mzinga kama friji, maana ukimvuruga mwari kipindi hicho unaweza kubaki na mzinga usio na malkia kabisa. Kitu kimoja tu ungefanya ndani ya siku 4 au 5 za mwanzo, vyumba vikiwa vingi acha 2 vilivyonona, vingine kata. Usipokata wanaweza kutoka tena na tena, kila kundi dogo kuliko lililopita, mpaka mzinga mama unabaki na nyuki wa kujaza kikombe. Mpaka unasoma hapa we umeshachelewa, ila mwingine atafaidika.

Sasa waliokukimbia. Kung'uta ulikung'uta sawa na malkia ulimpata, asingekuwemo wasingelala hata huo usiku mmoja. Kosa lako ni nyumba. Rangi mbichi, mbao zinanuka fundi, ndani hamna hata punje ya nta, na nina wasiwasi uliuweka juani. Wewe ungekaa? Wakati ule mzinga wako wa pili ulikuwa na majana, ungetoa kiunzi kimoja chenye majana mabichi ukakung'uta nyuki wake wote, hakikisha malkia wao hayupo, ukakiweka katikati ya mzinga mpya. Hii ndo siri kubwa kuliko zote nitakazokupa leo, nyuki wetu hawa ni wepesi wa kuondoka ila mtoto anawafunga miguu. Viunzi vingine ungevipaka nta ya kuyeyusha, kuta ungezisugua na mchaichai maana harufu yake inafanana na ile nyuki wanayotoa kuitana. Rangi paka nje tu na iachwe ikauke mpaka isinuke. Alafu ukishawakung'uta kwenye mti usikimbilie kubeba, weka chombo palepale kivulini uangalie mlangoni, ukiona wengine wamesimama mikia juu wanapepea mbawa, mama yumo na wanawaita waliobaki. Kiza kikiingia ndo ubebe.

Kuhusu kuwarudisha kwao, inawezekana ila sio kwa kuwamwaga tu. Ukiwarudisha bila kukata vyumba vyote vya malkia ni sawa na kumrudisha mtu kwenye nyumba aliyoikimbia kwa ugomvi na mgomvi bado amekaa sebuleni. Kesho saa 5 wanatoka tena. Kata vyumba vyote, chungulia mara mbili maana kuna kimoja huwa kinajificha kwenye kona, ongeza viunzi vitupu katikati ya majana wapate pa kujenga na malkia apate pa kutaga, ndo urudishe jioni. Kubanana ndo kulikowatoa mara ya kwanza. Na ukiongeza viunzi mwambie fundi upana ni milimita 32, sio "kama hivi hivi", akikosea masega yanajengwa kukatisha na siku ya kurina utalia.

Swali, Kibaha:
Habari za kazi mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, nafuga nyuki shambani. Nimekamata vikundi viwili vidogo wiki moja tofauti, kila kimoja hakijajaza hata viunzi 4 na kila siku naona vimesimama palepale. Jirani ananiambia nivimwage tu mzinga mmoja watazoeana. Mimi naogopa watapigana, ila pia roho inaniuma kutoka mizinga miwili kurudi mmoja.

Jibu:
Nzuri mama. Hofu yako ni ya kweli. Mimi miaka yangu ya mwanzo nilimsikiliza jirani kama huyo, nikawamwaga pamoja saa 9 alasiri nikaenda zangu kunywa chai. Asubuhi nilikuta chini ya mlango wa mzinga pamejaa maiti kama mtu kamwaga gunia la maharage, na waliobaki walikuwa wachache kuliko kundi moja peke yake.

Kila mzinga una harufu yake na walinzi wanamjua mgeni kwa harufu. Kwa hiyo kazi ni kuchanganya harufu kabla ya kuchanganya nyuki, na kifaa chake ni gazeti. Ndio, hili la kusoma.

Kabla ya gazeti jua nani ana malkia. Jua likuangalie begani, tazama chini kabisa ya vitundu, yai moja moja limesimama kama chembe ya mchele mwembamba, hapo malkia yupo anafanya kazi. Ukikuta mayai mawili matatu kitundu kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, hao ni vibarua wanaotaga na mayai yao yanatoa madume tu. Hao usiwaunganishe kwa gazeti, wanaweza kumuua malkia wa mwenzao, wabebe hatua nyingi pembeni mchana uwakung'ute majanini, watatafuta wenyewe pa kuomba hifadhi.

Vyote vikiwa na malkia chagua. Mbakize anayetaga vizuri, majana yake yamejaa sehemu moja bila mapengo mengi, mwingine mtoe siku moja kabla. Kumtoa maana yake kumminya, najua unaona uchungu lakini ukiwaacha wapigane wenyewe anaweza kupona yule mbovu au wakafa wote.

Mizinga kama iko mbali usibebe ghafla, vibarua watarudi pale pa zamani wakute hewa. Sogeza mmoja kama mita 1 kwa siku mpaka ikutane. Kundi lililokamatwa jana tu halina shida hiyo, likishatoka kwao limefuta ramani, liweke unapotaka.

Siku yenyewe subiri jioni nyuki wote wakiwa ndani. Pachika gazeti kwenye kiunzi kimoja lining'inie kama pazia, ligusane na kuta na sakafu kusiwe na upenyo, litoboe kwa sindano vitundu vichache. Wenye malkia wabaki upande wenye mlango, wasio na malkia wahamishe na viunzi vyao upande wa pili wa pazia, moshi kidogo pande zote, funika. Huku kwetu Pwani joto si mchezo na hawa wa ndani hawana mlango, kwa hiyo mzinga uwe kivulini kabisa. Watatafuna karatasi wenyewe, na mpaka watoboe wameshanukiana vya kutosha. Siku ya pili ya tatu utaona mlangoni vipande vya karatasi kama pamba chafu wanavitupa nje. Ukiviona hivyo imekwisha. Siku ya 4 toa mabaki, sogeza viunzi vikutane, majana yakae pamoja.

Kuhusu roho kuuma, hesabu asali mama usihesabu mabati ya mizinga. Vikundi viwili vya viunzi 4 vyote viko bize kujilinda na kulea, hakuna anayebaki wa kutosha kwenda kuleta. Viunganishe, msimu ujao wakijaa watagawanyika wenyewe na ule mzinga mtupu utakuwepo unawasubiri.

Swali, Kitui:
Mzee, habari ya huko. Nyuki wangu wameenda wote. Nilivuna mwezi uliopita, bei ilikuwa poa nikatoa masega yote ata yale yako na watoto. Sasa nimefungua nikapata masega machache yamejaa nyuzi kama za buibui na viwavi. Ni hao viwavi waliwafukuza?

Jibu:
Ndugu yangu, swali lako limejijibu lenyewe mstari wa pili. Viwavi hao ni wa nondo wa nta, mara nyingi wanaingia nyumba ikishadhoofika au ikishahamwa, kama kunguru jalalani. Aliyewafukuza nyuki ni ndoo yako. Umewachukulia chakula na watoto siku moja, wangebakia nini? Hapo hata kungekuwa na kundi lingine hakuna cha kuunganisha, hao wameshafika mbali. Choma masega yenye viwavi, pitisha moto haraka ndani ya mzinga, paka nta, paka grisi kwenye waya za kuning'inizia siafu wasipande, weka beseni la maji lenye vijiti vya kutulia maana kiangazi cha huko nakijua, alafu subiri maua. Ukirina tena majana usiguse, na asali acha theluthi kwa uchache.

Swali, Dar es Salaam:
Mzee bumba la nyuki limetua kwenye grili ya dirisha letu ghorofa ya pili tangu asubuhi, watoto wa mtaa wanarusha mawe na baba mwenye nyumba anasema atapuliza dawa ya mbu. Tufanyeje?

Jibu:
Toa watoto hapo kwanza, na mbwa kama yupo. Nyuki hao wako safarini, matumbo yamejaa asali na hawana nyumba ya kulinda, kwa hiyo huwa wapole mpaka mtu awachokoze. Jiwe likimponda mmoja anatoa harufu kama ya ndizi mbivu na hiyo kwao ni king'ora. Dawa itaua baadhi na wengine watashuka na hasira. Funga dirisha, mpigieni afisa nyuki wa wilaya au mfugaji yeyote mnayemjua, atafurahi kuja na boksi. Asipopatikana, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili wapelelezi wao wanapata pa kuishi wanaondoka. Mtu akiumwa akaanza kuvimba midomo au kupumua kwa shida msimpake vitunguu, mkimbizeni hospitali. Na mwambie baba mwenye nyumba aache dawa ya mbu achukue ngazi na simenti, kama dari lina tundu alizibe leo kabla wapelelezi hawajaliona.