Fundi wa Ala: Uzi wa besi unanishukia jukwaani

SWALI: Shikamoo Fundi. Napiga besi katika kikundi cha taarab hapa Likoni. Gita nililinunua la mtumba, na mwezi uliopita nikalitia nyuzi mpya. Uzi mnene, ule wa E, unashuka kila baada ya nyimbo mbili tatu, na ufunguo wake wa kukazia unacheza nikiushika. Juzi harusini ilinibidi ninyamaze katikati ya wimbo. Nimeambiwa ninunue funguo mpya zote nne. Ni kweli?
Mpiga besi, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue kitu kwanza.

Tazama nyuma ya kichwa cha gita. Ufunguo una hesi inayosukuma gurudumu la meno. Hesi hulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuirudisha hesi nyuma, hata uzi ulivute vipi. Kwa hiyo uzi ukishuka, mimi huanza kuushuku uzi wenyewe. Kaza mpaka sauti ikae, kisha utie alama ya kalamu pale uzi unapoingia kwenye kigingi, yaani ile nguzo ndogo ya chuma inayozungushiwa uzi. Piga nusu saa. Alama ikisogea, uzi unateleza.

Nilipokuwa kijana Tudor nilibadilisha funguo zote nne na uzi ukaendelea kushuka. Kumbe nilikuwa nimeukata mfupi, umezunguka kigingi mara moja tu. Uache sentimita 12 hivi kupita kigingi. Ukunje kwanza, ndipo ukate baada ya kona. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje hulegea juu ya ule wa ndani na uzi unakufa sauti. Ncha iingize ndani ya tundu la katikati ya kigingi, ulaze uzi kwenye ufa wake, kisha uzungushe mara mbili au tatu kwenda chini, kila mzunguko chini ya mwenzake, usipande juu. Ikiwa wako umeshakatwa mfupi, nunua huo mmoja tu.

Huko kucheza kwa ufunguo ni jambo jingine. Legeza uzi, chukua bisibisi ya nyota, kaza skrubu ndogo iliyo katikati ya gurudumu, robo mzunguko kwa robo, mpaka mchezo uishe na ufunguo bado uzunguke vizuri. Kisha kaza skrubu zinazoshika bamba la ufunguo kwenye mbao. Skrubu ikizunguka bila kushika, tundu limepanuka: tia gundi ya mbao na vijiti vya kiberiti visivyo na vichwa, uache hadi kesho yake ndipo uirudishe. Usifanye haraka hapo, kwani uzi wa E huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 15.

Na kwa hewa yetu ya chumvi, futa vyuma kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na gia uitie tone moja la mafuta ya cherehani.

Siku ya harusi, ukitafuta sauti panda kutoka chini. Ukiipita, legeza hadi chini yake, upande tena.