Maswali na Majibu: Tagi ya plastiki katika bandari ndogo ya reli

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Hamburg na ninajenga mandhari ndogo ya reli ya skeli ya 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87) yenye kipande cha bandari. Nimenunua seti ya kuunda tagi, yaani meli ndogo ya kuvuta meli kubwa, ya plastiki ya skeli ya 1:144. Chombo kimeumbwa kizima mpaka mkuku, ilhali mimi nataka kionekane kinaelea. Tena, nilipobandika vioo vya chumba cha nahodha kwa gundi ya papo kwa papo, viliingia ukungu mweupe. Je, niikate tagi? Na tofauti ya skeli itaniharibia kazi? (Msomaji, Hamburg)

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na skeli. Mtu wa mita 1.75 huwa na milimita 20 katika 1:87, lakini 12 tu katika 1:144. Ukiifunga tagi hiyo kando ya mabehewa yako, mlango wake wa milimita 14 utamfikia baharia wako kifuani, na jicho litaona kasoro hiyo kabla ya kuona kitu kingine. Iweke nyuma kabisa ya mandhari, mbali na reli, ili udogo wake uonekane kuwa ni umbali, wala usimsimamishe juu yake hata mtu mmoja wa 1:87.

Ndiyo, ikate. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka, kwa sababu chombo kikishakatwa bila kutegemezwa, mbavu zake hubonyea ndani na sitaha haikai tena. Kwanza unganisha nusu mbili za chombo, kisha chukua vipande vya ile fremu iliyoshikilia sehemu za seti, uvibandike ndani kutoka ubavu hadi ubavu, juu kidogo ya mstari wa maji, yaani pale maji yatakapofikia ubavuni. Gundi ya plastiki huyeyusha nyuso mbili zikashikana kuwa kitu kimoja, kwa hiyo iache ikauke usiku kucha, na kama umekwisha kupaka rangi, ikwangue kwanza mahali pa kuungia. Kisha simamisha chombo sawasawa mezani, funga penseli juu ya kijisanduku chenye kimo cha mstari wa maji, uizungushe kutoka omo hadi tezi. Pitisha ncha ya kisu juu ya alama hiyo mara nyingi, bila kukandamiza, ndipo utumie msumeno wa meno madogo, ukikata milimita moja chini ya mstari. Mwisho bandika karatasi nzima ya msasa juu ya kioo na usugue chombo juu yake kwa mizunguko mpaka kilale bila mwanya. Maungio ya omo na tezi yajaze puti, kama fundi wa jahazi anavyotia kalafati, kisha uyasugue kwa msasa laini wenye maji.

Vioo vilivyoharibika ni mvuke wa gundi ya papo kwa papo uliovichafua. Kata vipya kutoka plastiki nyembamba iliyo wazi, uvibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka haionekani.

Sasa maji, ambayo kwangu ndiyo yanayoifanya tagi iaminike. Usiyapake buluu: mto Elbe wa Hamburg hubeba matope, na rangi yake bandarini ni ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Ukitumia resini, yaani kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, imimine kwa tabaka nyembamba na uache kila moja igande, maana ikimwagwa nene hupata joto linaloweza kupinda plastiki. Ziba kwanza ukingo wa chini wa chombo, la sivyo itapenya ndani.

Kumbuka pia kwamba Hamburg hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3, yaani zaidi ya sentimita 3 katika skeli yako. Amua mapema kama bandari yako imejaa au imekupwa. Ikiwa imekupwa, ukuta wa gati uwe na ukanda mweusi wenye ukijani wa mwani, na tagi ikae chini sana ya ukingo, kamba zake zikipanda juu kwa mshazari. Ukiifunga kwenye gati lielealo, kama yale ya Landungsbrücken, kituo cha vivuko cha Hamburg, kamba zilale karibu bapa, kwa sababu gati na chombo hupanda na kushuka pamoja.